Uchovu Usio na Kipimo

Uchovu sugu, ambao madaktari huuandika kwa kifupi ME/CFS, ni ugonjwa unaomnyang'anya mtu uwezo wa kufanya kazi alizozoea kwa miezi sita au zaidi, na kulala hakuuondoi. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipanga vigezo vya kuutambua. Uwezo wa mgonjwa uwe umepungua sana kuliko zamani, pamoja na uchovu mzito ambao mapumziko hayauponyi. Hali yake izorote kila anapojituma. Usingizi wake usimburudishe. Na juu ya hayo, ama akili yake iwe nzito na sahaulifu, ama ashindwe kukaa wima kwa muda bila kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Hakuna kipimo cha damu, cha mkojo wala eksirei kinachouthibitisha. Daktari huufikia kwa kumsikiliza mgonjwa na kwa kuyaondoa moja moja magonjwa yanayofanana nao: upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, tezi ya shingoni iliyolegea, sonona. Kwa hiyo maneno hubeba hapa mzigo ambao kwa maradhi mengine hubebwa na maabara. Anachosema mgonjwa ndiyo dalili, anachojibu mhudumu ni nusu ya tiba, na kile ambacho idara ya afya imeandika, au imeacha kuandika, huamua kama wawili hao wataelewana.

Kuzorota baada ya kujituma ndiko kunakoutenga ugonjwa huu na uchovu wa kila mtu, na ndiko kugumu kueleza. Mfano wa shambani unasaidia. Mchunaji wa chai katika miteremko ya Chinga, upande wa Othaya, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, huamka Jumatatu akihisi ana nafuu. Huchuna nusu siku, hubeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia majani, husimama kwenye foleni ya mizani, kisha hurudi nyumbani kupika. Jumanne hushinda vizuri kiasi. Jumatano alfajiri hawezi kuinua sufuria ya uji. Koo linawasha, viungo vinauma kama vya mwenye homa, mwanga wa dirishani unamchoma macho, na majina ya watoto wake mwenyewe yanamchelewa mdomoni. Pigo hilo kwa kawaida huja baada ya saa 12 hadi 48, na linaweza kukaa siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Majirani walimwona Jumatatu kwenye mizani akiwa mzima, kwa hiyo hawaoni uhusiano wowote kati ya kikapu kile na kitanda hiki. Mara nyingi hata yeye hauoni, mpaka aulizwe swali linalofaa.

Katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nanyuki na Nyeri hadi Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, wagonjwa wengi wa nje hufika zahanatini na daftari la shule ambalo daktari huandika ndani yake. Daftari la mtu aliyeugua uchovu wa namna hii kwa muda mrefu lina kurasa zinazofanana. Damu ya kutosha. Sukari sawa. Presha sawa. Malaria hakuna. Kisha mara kwa mara hujitokeza majina mawili yanayojulikana katika kila soko la ukanda huu: taifodi na brusela. Dawa za wiki mbili, nafuu ya siku chache, halafu ukurasa mwingine wenye maneno yale yale kwa mwandiko wa daktari mwingine.

Brusela ni ugonjwa wa kweli katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, na taifodi vilevile. Tatizo liko kwenye vipimo vya haraka. Kile cha taifodi kiitwacho Widal hutafuta kingamwili, nazo zinaweza kuwa zimebaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani au chanjo, kwa hiyo jibu moja la chanya halitoshi kuwa ushahidi. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya vya Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika kwa wingi huwapa jibu la chanya watu wengi wasiougua. Mtu anayeambiwa hivyo hulishika jina hilo kwa miaka. Husema ana brusela isiyosikia dawa. Ni rahisi kumlaumu kwa kung'ang'ania, lakini jina, hata la kukosea, limemwokoa na tuhuma ya uvivu, na hakuna aliyempa lingine.

Tuhuma hiyo ni nzito katika nchi ya kahawa na chai, ambako heshima ya mtu hupimwa kwa saa anayotoka kitandani. Kwa Kikuyu anayechoka husema ana mĩnoga. Neno la mvivu, kĩgũũta, ni tusi ambalo hubaki na mtu. Kati ya maneno hayo mawili hakuna la tatu linalotaja uchovu ulio ugonjwa. Kiswahili kina utajiri zaidi kuliko tunavyoutumia: kuna uchovu, kuna mavune, yale maumivu ya mwili baada ya kazi nzito, kuna kunyong'onyea, ambako ni kulegea kwa mtu asiye na nguvu hata ya kujibu. Hata hivyo mazungumzo ya zahanati ya Tetu au Mathira huko Nyeri huwa kwa Kikuyu, maandishi ya daftari huwa kwa Kiingereza, na mabango ya ukutani huchanganya Kiingereza na Kiswahili. Mgonjwa anaeleza kwamba siku mbili baada ya kulima mwili unamwishia wote, na sentensi nzima inashuka kwenye karatasi kama neno moja lenye maana ya kuchoka. Kiungo cha siku mbili, ambacho ndicho utambuzi wenyewe, kimeanguka njiani wakati wa kutafsiri. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kwa uchovu sugu, lugha hiyo bado haijatungwa.

Mataifa yaliyotangulia kuutambua ugonjwa huu yaliutungia lugha, na yakaitunga vibaya. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free ya London ilifungwa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mapema Oktoba kwa sababu ya mlipuko ambao hatimaye uliwapata wafanyakazi wapatao 290, wakaugua homa, maumivu ya misuli na udhaifu usioisha. Mmoja wa madaktari waliowahudumia, Melvin Ramsay, aliushughulikia ugonjwa huo maisha yake yote. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba lile lilikuwa wimbi la histeria. Sehemu ya hoja yao ilikuwa kwamba waliougua wengi ni wanawake. Hawakuwapima wagonjwa upya, walisoma mafaili. Shirika la Afya Duniani lilikuwa mwaka mmoja kabla, 1969, limeuweka ugonjwa huo kati ya magonjwa ya mfumo wa neva. Kwa miongo iliyofuata daktari aliweza kuchagua amwamini nani, na wengi walichagua histeria.

Marekani ilipata somo lake Incline Village, mji mdogo kando ya Ziwa Tahoe katika jimbo la Nevada. Madaktari Paul Cheney na Daniel Peterson waliona wagonjwa wengi wakianguka kwa kitu kama mafua ambayo hayakuisha, wakaarifu shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, CDC. Mwaka 1985 CDC ilituma wachunguzi. Mwaka 1988 kundi la wataalamu lililoongozwa na Gary Holmes wa shirika hilo likauchapishia ugonjwa fasili na jina jipya: sindromu ya uchovu sugu. Huenda hakuna jina lililowaumiza wagonjwa kuliko hilo. Kila mtu duniani huchoka, na kila anayelisikia jina hilo hujibu kwamba na yeye amechoka. Ni kama kifua kikuu kiitwe kikohozi sugu. Jopo la 2015 lilipendekeza jina lingine lenye maana ya ugonjwa wa mwili kutostahimili juhudi, lakini lile la zamani limekwisha kuota mizizi.

Jina baya lilifuatwa na fedha zilizopotoshwa. Mwaka 1999 Mkaguzi Mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alieleza kwamba kati ya dola milioni 22.7 ambazo CDC ilizihesabu kuwa za uchovu sugu kati ya 1995 na 1998, dola milioni 8.8 zilikuwa zimetumika kwa shughuli nyingine na milioni 4.1 hazikuwa na stakabadhi za kutosha. Taarifa zilizopelekwa Bungeni zilikuwa zimesema tofauti. Aliyefichua jambo hilo alikuwa mkuu wa kitengo chenyewe, William Reeves. Shirika liliomba radhi na kuahidi kuzirejesha fedha. Novemba 2006 likaanzisha kampeni ya kitaifa ya kuwaambia Wamarekani kwamba ugonjwa huu ni wa kweli na kwamba waliotambuliwa kuwa nao ni wachache. Kampeni ilikuja miaka 18 baada ya jina. Kwa muda wote huo wagonjwa walikuwa wakiambiana wao kwa wao, na imani iliyovunjika haikurudi kwa tangazo.

Kilichowaumiza zaidi kilikuwa ushauri. Kwa miaka mingi CDC, pamoja na taasisi ya NICE inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ziliwashauri wagonjwa waongeze mazoezi hatua kwa hatua na wapate tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2007 ulisema hivyo, na mwaka 2011 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa Uingereza uitwao PACE, uliohusisha wagonjwa 641, ukiunga mkono tiba hizo. Wagonjwa walijibu kwamba mazoezi ya kupandishwa ngazi yaliwaacha wengine hawainuki tena. Mwaka 2016 baraza la haki ya taarifa nchini Uingereza liliamuru takwimu za utafiti huo zitolewe, kufuatia ombi la mgonjwa mmoja aliyekuwa Australia. Takwimu zilipochambuliwa upya, manufaa yaliyotangazwa yalipungua sana. Mwaka 2017 CDC iliondoa ushauri huo katika maelezo yake kwa umma. Oktoba 2021 NICE ilitoa mwongozo mpya unaokataza mazoezi ya kupandishwa ngazi kama tiba ya ugonjwa huu, na unaoagiza mgonjwa afundishwe kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zake. CDC iliuondoa ushauri huo bila kishindo, na kwa sababu hiyo wako madaktari wanaoendelea kuurudia hadi leo, hata nje ya Marekani. Idara ya afya inapobadili neno lake inadaiwa kulitangaza badiliko kwa sauti ile ile iliyotangazia kosa.

Kuna jambo ambalo CDC ililifanya vizuri baadaye, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Shirika lilianza kuendesha mikutano ya simu na wagonjwa, walezi na madaktari wa ugonjwa huu. Maofisa hueleza kazi iliyofanyika, mtaalamu mwalikwa huzungumza, kisha maswali hupokelewa, na maandishi ya kikao hubaki ili yasomwe na aliyeshindwa kukisikiliza. Ni mpango mdogo, lakini umeelewa mwili wa mgonjwa: asiyeweza kusafiri husikiliza akiwa amelala gizani, na ambaye sauti inamuumiza husoma polepole siku nyingine. Hata hivyo neno moja bado linaweza kubomoa mengi. Februari 2024 taasisi za taifa za afya za Marekani zilichapisha utafiti wa kina kuhusu wagonjwa 17 na watu wazima wa afya 21. Ulikuta mabadiliko katika ubongo na mfumo wa kinga, habari ambayo wagonjwa waliingojea kwa hamu. Lakini watafiti waliyaita baadhi ya matokeo kwa msemo wenye maana ya upendeleo wa juhudi, na wagonjwa wakasikia kwamba wanachagua kutojitahidi. Mjadala ukawa juu ya msemo huo, na mabadiliko ya ubongo yakasahaulika kando.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa nchi tajiri. Utafiti wa Njoku na Jason uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba asilimia 0.68 ya watu wazima walikuwa nao. Marekani, takwimu za serikali za 2021 na 2022 zilionyesha asilimia 1.3 ya watu wazima, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, na maambukizi si haba Afrika Mashariki.

Maambukizi makubwa kuliko yote ya miaka ya karibuni yalitangazwa nchini Kenya na mtu wa Nyeri. Mutahi Kagwe, seneta wa kwanza wa kaunti hiyo kuanzia 2013 hadi 2017, alikuwa Waziri wa Afya wa wiki chache tu alipotangaza Machi 13, 2020 kwamba mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 amepatikana. Kwa miezi iliyofuata taarifa ya waziri ilikuwa sehemu ya siku katika kila nyumba yenye redio: sampuli zilizopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki, kisha onyo la kunawa mikono na kuvaa barakoa. Ilikuwa kazi kubwa ya mawasiliano, yenye nidhamu, na watu wengi wa vijijini waliofuata masharti walifanya hivyo kwa sababu waliyasikia kila siku kwa maneno mepesi.

Safu ya waliopona ndiyo inayohusu habari hii. Aliyeingizwa humo alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini au amemaliza muda wa kutengwa nyumbani. Hesabu haikuwa na nafasi ya mtu aliyetoka wodini, akahesabiwa amepona, na miezi minne baadaye akawa anakaa chini katikati ya kupanda ngazi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya hali hiyo, Covid ya muda mrefu: dalili zilizopo miezi mitatu tangu kuugua, zilizodumu angalau miezi miwili, zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Uchovu unaongoza orodha ya dalili zake, na sehemu ya wagonjwa hao wanatimiza vigezo vya uchovu sugu kikamilifu. Nchini Kenya kuna ugumu wa ziada. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Wellcome mjini Kilifi walipochunguza damu iliyotolewa na wachangiaji, walikadiria kwamba katikati ya mwaka 2020 takriban asilimia 4.3 ya watu walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na kufikia miezi ya kwanza ya 2021 karibu nusu ya wachangiaji walikuwa na kingamwili. Hesabu rasmi za wizara zilikuwa sehemu ndogo mno ya hapo. Kwa hiyo watu wengi waliougua hawakupimwa kamwe. Mkulima wa Mukurwe-ini anayechoka tangu 2021 hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliugua korona, na huenda hata yeye alidhani ni baridi ya msimu wa gathano.

Nyeri yenyewe ina historia ya pekee katika afya ya umma. Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Nyeri iliingizwa kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu. Tangu hapo ujumbe wa afya unaosikika zaidi katika kaunti ni ule ule mmoja: punguza chumvi, punguza sukari, tembea, fanya mazoezi. Ni ujumbe wa kweli na umewasaidia wengi. Kwa mwenye uchovu sugu unaweza kuwa na madhara. Anapoambiwa atembee nusu saa kila siku, anatembea, kwa kuwa ni mtu mtiifu anayetaka kupona. Siku ya tatu haamki, na anarudi zahanatini kuambiwa kwamba hajajitahidi vya kutosha. Kosa la CDC na NICE lilichukua miongo kurekebishwa. Kaunti ambayo ndiyo kwanza inaanza haihitaji kulipitia upya, ikiwa bango la mazoezi litaongezewa sentensi moja tu: anayezidiwa siku moja au mbili baada ya kazi ndogo asiongeze mazoezi kabla ya kuonana na daktari.

Mjumbe wa kuipeleka sentensi hiyo yupo tayari. Septemba 25, 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akikadiriwa kuhudumia nyumba mia hivi. Wamepewa begi na simu. Begini mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Hakuna chombo cha kupima uchovu, lakini mashine ya presha inaweza kusema zaidi ya inavyoulizwa, kwa sababu huhesabu pia mapigo ya moyo. Wagonjwa wengi wa uchovu sugu huzidiwa wanaposimama. Vituo vinavyowahudumia hutumia kipimo kisicho na gharama: mgonjwa hulala kwa utulivu, presha na mapigo huandikwa, kisha husimama ameegemea ukuta kwa dakika 10 huku mapigo yakisomwa kila dakika. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu, ni ishara kwamba mwili unashindwa kujimudu ukiwa wima. Kipimo hicho hufanywa kituoni, mtu wa kumdaka akiwa karibu. Hakithibitishi uchovu sugu. Kinaweka tarakimu kwenye daftari ambalo kwa miaka limekuwa likisema kila kitu ni sawa, na tarakimu daktari wa zamu inayofuata huiamini.

Swali nalo ni chombo. Mhudumu anayeuliza kama mtu amechoka hujibiwa ndiyo na kila nyumba, maana nani asiyechoka msimu wa kuchuna kahawa. Anayeuliza mwili unakuwaje kesho na kesho kutwa baada ya kazi hupata majibu mawili tofauti kabisa. Swali jingine hutenganisha ugonjwa huu na sonona, ambayo nayo huchosha na inastahili tiba yake: mtu angefanya nini leo kama nguvu zingerudi? Mwenye sonona nzito mara nyingi hana jibu. Mwenye uchovu sugu hutaja mambo matano bila kupumua, kuanzia kibarua alichoacha hadi misa aliyokosa. Magonjwa hayo mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja, ndiyo maana kumwambia tu kwamba ni mawazo hakumsaidii hata aliye na mawazo kweli.

Kikwazo kingine ni karatasi. Kila mwezi vituo vya afya vya Kenya hujaza fomu za wagonjwa wa nje. Ile ya walio na zaidi ya miaka mitano ni MOH 705B. Ina mistari ya malaria, taifodi, kifua kikuu, presha, kisukari na mingineyo, na chini kabisa mstari wa magonjwa mengine yote. Uchovu sugu huangukia huko, pamoja na kila kisicho na jina. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti, hakiandaliwi semina, na afisa wa kaunti anayetafuta mada ya kipindi cha redio hakioni. Shirika la Afya Duniani limeupa ugonjwa huu namba yake, 8E49 katika orodha ya magonjwa ya toleo la 11. Kuiandika namba hiyo daftarini hakugharimu shilingi.

Redio ndiyo njia iliyo karibu na mgonjwa kuliko zote. Inooro, Kameme na Coro husikika kwa Kikuyu, Muuga kwa Kimeru, Wimwaro kwa Kiembu, na vipindi vya daktari kujibu simu za wasikilizaji vimezoeleka. Mtu anaweza kusikiliza amelala, sauti ikiwa chini. Ukimya wa idara ukiendelea, nafasi hiyo hiyo hununuliwa na wauzaji wa virutubishi wanaoahidi kurudisha nguvu kwa siku saba. Maelezo yanayofaa kwa redio si magumu. Kuishi ndani ya mipaka ya nguvu kunaeleweka vizuri kwa lugha ya salio la simu: kila asubuhi mgonjwa huamka na salio dogo, na akitumia zaidi ya lililopo anakopa Fuliza, ule mkopo wa simu, kwa mwili wake, ambao hukata deni pamoja na riba siku mbili baadaye. Kazi hugawanywa vipande, mapumziko huja kabla ya kuchoka, viazi humenywa kwa kukaa, na siku ya nafuu haitumiwi kufidia siku zilizopotea. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe, ingawa usingizi, maumivu na kizunguzungu vinaweza kutibiwa kila kimoja kivyake.

Wapo ambao hakuna ujumbe unaowafikia. Angalau robo ya wagonjwa hufikia wakati fulani hali ya kutotoka nyumbani au kitandani. Kwa mtu wa namna hiyo aliye Kieni, upande mkavu wa kaunti, safari ya matatu kutoka Mweiga hadi mjini Nyeri, foleni ya kusimama na benchi la mbao ni kazi inayotosha kumlaza wiki mbili, kwa hiyo huacha kwenda, na hospitali hudhani amepona. Mkono pekee wa serikali unaoweza kuvuka kizingiti chake ni mhudumu wa afya ya jamii. Ziara hiyo ina utaratibu wake. Pazia haliguswi. Mhudumu huketi karibu, husema kwa sauti ya chini na kwa sentensi fupi, huuliza maswali mawili au matatu, na mengine humuuliza mama au mke nje, jikoni. Kilichosemwa huandikwa kwa lugha ya nyumba hiyo, ili mgonjwa asome atakapoweza. Mhudumu harudi kesho yake kuuliza hali. Hurudi siku ya tatu, kwa kuwa mazungumzo nayo ni kazi, na gharama yake haijulikani kabla ya hapo.